Meno Sabini na Moja

4 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa paka, ambaye siku hizi analala ndani ya sanduku langu la spana na hataki kutolewa. Mama anakusalimu. Anasema usipoacha kunywa chai kavu atakuja huko mwenyewe, na unajua dada yako hatishii bure. Msalimie sana binti yako. Mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri, ila mifuko midogo, hata bisibisi haiingii.

Sasa lililonikalisha chini. Goti la Mama limepona kwa kutembea, halijapona kwa kupanda. Msimamizi wa zahanati ni mtu mwema, lakini naye ana karatasi zake: Mama amepewa kazi nyepesi hadi tarehe thelathini Juni. Siku hiyo akiweza kupanda mlimani na baiskeli na kuzungukia akina mama waliojifungua kama zamani, zamu ni yake. Asipoweza, anapewa mkunga mwingine, na yeye anakaa dirishani kuandikisha wagonjwa mpaka astaafu.

Mjomba, ulimjua Mama kabla yangu. Miaka ishirini na mbili kule juu wanamwita Nesi wa Baiskeli. Kuna watu wana ndevu sasa ambao yeye ndiye aliyewapokea duniani. Juzi nilipita zahanati nikamkuta dirishani, ameshika kalamu kama mtu aliyeshikishwa samaki wa jana. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Ninaandika."

Pikipiki hataki. Anasema inawaamsha watoto wote aliokwisha kuwalaza, na kweli vichochoro vya kule haipiti. Kwa hiyo nilimfungia mota ya umeme kwenye gurudumu la nyuma, zile zinazouzwa tayari. Kwenye tambarare ilikwenda mpaka tukacheka. Mlimani ilifika kwenye duka la vioo ikatoa moshi. Mama akashuka, akaisukuma hadi nyumbani, akaiegemeza ukutani. Bora angenigombeza.

Nimefikiri sana. Mota ile inalazimishwa kuzunguka polepole chini ya mzigo, ndiyo maana inaungua. Dawa ni kuiacha ikimbie inavyotaka, mizunguko elfu mbili na mia sita kwa dakika, halafu gia ziipunguze hadi tisini kwenye pedeli, nguvu iingie kwenye mnyororo. Giaboksi ya hivyo inayoingia kwenye fremu ya Mama haiuzwi popote. Nitaikata mwenyewe. Karakana ninakofanya kazi ina mashine na chuma kipo. Ninachokosa ni wewe, uliyekata gia kiwandani hadi wakakupa jina la Nusu Unywele, kwa kukataa kosa lolote linalozidi hapo.

Nipe idadi ya meno, Mjomba.

Mpwa wako,
Spana


2 Februari

Spana,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa njiani wiki mbili na kwangu wiki mbili, kwa hiyo usiwalaumu wa posta peke yao. Chai ninakunywa na mkate, mwambie dada yangu aache upelelezi. Binamu yako anasema mfuko wa gauni si sanduku la vifaa.

Kumbe mtoto niliyemfundisha kushika tupa akiwa amesimama juu ya kreti la soda, aliyekataa kunirudishia spana yangu hadi jina likamganda, leo anataka kukata gia! Nimefurahi mpaka nimemwambia muuza maziwa, ambaye hakuuliza. Miaka thelathini na moja nimekata gia za vinu, za winchi, za mashine kubwa kuliko nyumba hii. Ya baiskeli, sijawahi. Dada yangu anastahili.

Sikiliza. Hatua mbili. Ya kwanza, gia ya meno kumi na matatu izungushe ya sitini na saba. Ya pili, kumi na matatu izungushe sabini na saba. Diski ya hiyo kubwa ya mwisho iwe na kipenyo cha milimita mia moja na tisa na nusu, na kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya shafti iwe sitini na tatu. Nimezitoa kwenye daftari langu la winchi ndogo, na daftari hilo halijawahi kunidanganya.

Utauliza kwa nini kumi na matatu na si kumi na mawili. Ni ili meno yasizoeane. Namba zikigawanyika vizuri, jino hukutana na mwenzake yuleyule kila mara, na mmoja akiwa na kasoro anamtafuna mwenzake hadi anammaliza. Namba zikikataa kugawanyika, kila jino linakutana na kila jino, na kasoro wanaibeba wote.

Halafu kuna alama. Kiwandani kila fundi alikuwa na muhuri wake wa chuma wa kugonga kwenye uso wa gia. Wageni walidhani ni majivuno. Kumbe gia ikivunjika, msimamizi anasoma alama, anajua amwite nani. Muhuri wangu, nyundo ndogo ndani ya duara, bado ninao. Utakapoikata gia isiyo na kosa nitakutumia muhuri. Kabla ya hapo hata ukilia machozi ya damu huupati.

Usinipigie simu. Simu haina mahali pa kuchora.

Mjomba wako,
Nusu Unywele


10 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na bati la karakana linavuja juu ya mashine ya kutobolea tu, kana kwamba wana ugomvi. Mama mzima. Wenzake wamempa mto wa kukalia dirishani, kwa wema kabisa, na yeye ameupeleka kwa paka.

Barua yako ilikuja na karatasi sita kwa maneno ya karatasi mbili. Herufi kubwa kama za bango, na mstari wa mwisho umempanda mwenzake mgongoni. Uliandikia ndani ya basi? Au taa ya chumba chako imeungua?

Sasa habari. Gia ya kumi na matatu ya kwanza, tayari. Ya sitini na saba, tayari! Nilizikata saa za chakula cha mchana kwa siku tisa, jino moja moja, nikihama tundu kwa tundu kwenye sahani ya kugawia duara ulivyonifundisha, na vidole vimepakwa chokaa nisisahau nilipo. Nilipozipanga kwenye shafti na kuzungusha kwa mkono, sikusikia kitu. Mchomeleaji wetu, mtu wa maneno, akasema, "Unajenga baiskeli au saa ya ukutani?" Halafu akarudi mara tatu kuzizungusha mwenyewe. Nilitamani ungekuwepo, nasema kweli. Nilijisikia mrefu siku nzima.

Wiki ijayo nakata ile kubwa ya mwisho.

Mpwa wako,
Spana


5 Aprili

Spana,

Marahaba. Huku salama. Mwandiko mkubwa ni wa mtu mwenye nafasi. Anwani kwenye bahasha ameandika binamu yako kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe.

Habari za sitini na saba nimezipokea kwa mikono miwili. Kukata meno sitini na saba bila sauti, mimi nilifikia hapo mwaka wa sita kazini. Usimwambie mtu.

Lakini ulisema wiki ijayo, na wiki hizo zimepita tatu. Gia kubwa iko wapi? Fundi akinyamaza, kuna kitu kimevunjika.

Nusu Unywele


2 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Mama hajambo, paka hajambo, bati bado linavuja.

Gia kubwa iliharibika. Niliikata, ikapendeza macho, lakini nilipoifunga na mwenzake na kuwasha mota ikasaga mawe, ikang'ang'ania, na ile ndogo ikapoteza meno matatu. Nilikosea kuhesabu. Ni kosa la kitoto, usiniulize zaidi. Diski ya chuma kama ile ilibidi ingojewe wiki tatu, na siku si zetu, Juni inakuja. Sasa nimekata upya zote mbili na zinashikana vizuri.

Mama aliusikia ule mlio. Alikuwa amepita na sare yake ya kazi kuniletea chakula. Alisimama mlangoni, akaitazama ile gia, akanitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, nimeona watoto waliokuja miguu mbele wakawa wanariadha." Akaweka chakula, akaondoka akichechemea kidogo. Mjomba, nikishindwa hii, sijui nitamtazama vipi kupitia lile dirisha.

Spana


16 Mei

Spana,

Marahaba. Nitumie hiyo iliyoharibika. Usiisafishe wala usiipige tupa. Iweke kwenye basi la mizigo la kwanza.

Mjomba wako


24 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naituma kwa shingo upande. Sijui utaifanyia nini zaidi ya kuzuia mlango.

Giaboksi imefungwa kwenye fremu. Kasha la aluminiamu nililichonga upana wa vidole vinne, kwa sababu pedeli za Mama zisipopita ni kazi bure, na mara ya kwanza zilikwaruza kweli, nikalichonga tena. Nimejaza grisi. Jana mimi mwenyewe niliipandisha hadi duka la vioo, na mchomeleaji ameketi nyuma, na mchomeleaji si mtu mdogo. Mota ilikuwa vuguvugu tu. Muuza vioo akatoka nje na kuuliza mbona safari hii hakuna moshi.

Sijafika kileleni. Kileleni atafika mwenye zamu.

Spana


9 Juni

Spana,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu, ni wa binamu yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze neno wala asitie sukari.

Gia yako imefika. Nimekaa nayo mapajani siku mbili. Umesema ulikosea kuhesabu. Mpwa wangu, mtu akikosea kuhesabu kwenye sahani, kosa hujikusanya na jino la mwisho huwa jembamba au nene kuliko ndugu zake. Nimelipitishia ukucha kila jino, nikazunguka mara nne. Yote yako sawa, na la mwisho ni sawa na la kwanza. Ila yote ni membamba mno. Nikayahesabu kwa kidole gumba. Sabini na saba.

Hii si gia ya mtu aliyekosea kuhesabu. Hii ni gia ya mtu aliyeambiwa akate sabini na saba, akayakata bila kosa kwenye diski ya meno sabini na moja.

Nikamwambia binamu yako anisomee daftari langu. Akasoma: sabini na moja.

Sasa nitasema, maana hapa chumbani hakuna mwingine wa kusema. Macho yangu yameingia ukungu tangu mwaka juzi. La kushoto linaona dirisha tu, kwamba lipo. La kulia linaona herufi kama zinaogelea. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, anaondolewa asubuhi, na jioni uko nyumbani. Nimemzungusha miezi kumi na minne. Nimekata vyuma maisha yangu yote, lakini mtu aje na kisu karibu na jicho langu, Spana, ninatafuta mlango. Binamu yako anacheka huku anaandika. Mwache acheke.

Na wewe nina neno nawe. Ulijua. Ulipokaa na kupiga hesabu uliona namba mbaya imetoka kwangu, ukajitwika mwenyewe ili nisiaibike. Asante. Usirudie. Ningekuwa fundi mwenzako ungenipigia kelele hadi mtaa wa pili. Ukimfichia fundi kosa lake umeshamwondoa kazini. Dada yangu umemjengea giaboksi asikae dirishani, mimi umenikalisha dirishani na kunipa mto.

Namba yangu hospitalini ni tarehe ishirini na sita. Nimeogopa na nimekubali.

Mjomba wako, kwa mkono wa binamu yako


1 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Umeamkaje? Jicho likoje? Binti yako ameniandikia mstari mmoja tu kwa simu, kwamba ulimwuliza daktari kama kisu chake amekinoa mwenyewe. Nimekuombea kutwa nzima, halafu nikacheka kutwa nzima.

Kwanza niungame. Nilijua tangu Machi. Gia iliposaga, nilikaa chini na kalamu: sitini na tatu mara mbili, gawanya kwa moja na nusu ya kipimo cha jino, toa kumi na matatu, ni sabini na moja. Hesabu ya dakika moja. Ningeipiga kabla ya kukata nisingepoteza diski wala wiki. Sikuipiga kwa sababu namba ilitoka kwako, na namba zako sijawahi kuzihakiki tangu nikiwa juu ya kreti la soda. Hilo ndilo kosa langu, ninalidai, ni langu. Na ulivyonigombeza ni sawa. Niliisoma ile barua nimesimama.

Sasa kaa vizuri, au lala vizuri, nikupe lililo tamu.

Jana asubuhi Mama alivaa sare, akafunga mkoba nyuma, akaikagua baiskeli kama anavyomkagua mtoto, vidole vyote. Msimamizi wa zahanati alikuwa nje na karatasi yake. Wauguzi walikuwa madirishani. Mama akaniambia, "Usinishike." Akapanda.

Nilimfuata kwa miguu, mbio, na mchomeleaji nyuma yangu akihema. Duka la vioo akalipita. Kwenye kona ya fundi viatu, pale palipo pakali kuliko pote, nikasikia giaboksi ikibadilika sauti, nikaongeza mbio. Kumbe ni mzigo tu umeipata, ikanguruma chini kwa chini na kuendelea. Miguu ya Mama ilikuwa inazunguka taratibu, goti halisukumi kitu, linasindikiza. Alipofika kileleni hakupunga mkono wala hakugeuka. Aliingia nyumba ya kwanza, ya mama mwenye mapacha wa siku nne, akafunga mlango. Alikuwa kazini.

Niliigusa mota. Unaweza kuweka kiganja hadi uchoke mwenyewe. Mjomba, nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia kwa fahari, mbele ya mchomeleaji.

Alizungukia nyumba kumi na moja. Aliporudi msimamizi akamwuliza goti linasemaje. Mama akajibu, "Linauliza zamu ya kesho saa ngapi." Karatasi imetiwa saini.

Mama ananiambia nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie mdogo wangu baiskeli haina kelele. Watoto wote wamelala."

Mpwa wako,
Spana


8 Agosti

Spana,

Marahaba, mpwa wangu. Huu ni mwandiko wangu. Utazame vizuri. Karatasi moja tu, na mistari imelala kila mmoja kitandani kwake.

Huku wazima. La kulia limefunguka, la kushoto ni mwezi ujao. Nimegundua kwamba ukuta wa chumba changu ni wa kijani. Nimegundua pia kwamba binamu yako ana mvi tatu, nikamwambia, na sasa hatusemezani mpaka jioni. Barua zako zote nimezisoma upya mwenyewe. Ile ya tarehe moja Julai nimeisoma hadi imechanika kwenye kunjo. Muuza maziwa ameikariri.

Ndani ya furushi hili kuna vitu viwili. Cha kwanza ni gia yako ya meno sabini na saba. Nimeigonga muhuri wangu, nyundo ndani ya duara. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kugonga alama kwenye gia mbovu, lakini alama ni ya kumjua wa kuitwa, na wa kuitwa hapa ni mimi. Itundike karakana. Atakayeuliza ni kazi ya nani, asome.

Cha pili nilikuahidi. Nilisema nitakutumia muhuri, na nimebadili mawazo. Wangu nabaki nao, nitaugonga kwenye kazi zangu, maana cherehani ya binamu yako inalia na nimeshaifungua. Wako nimeutengeneza mpya. Nilibana kipande cha chuma kwenye jiliwa dirishani nikakichonga kwa tupa siku kumi na mbili: spana ndogo ndani ya duara. Ugonge kwenye ile ya sabini na moja, penye uso, pasipoguswa na meno.

Utaona duara limepinda upande wa kushoto, kiasi cha unywele mzima. Nimeliona mwenyewe.

Mjomba wako,
Nusu Unywele